Oman ya Bara na Falaji Zake

Oman ni nchi ya kifalme iliyoko kusini-mashariki mwa Bara Arabu, ikipakana na Yemen, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 309,500, yaani takriban theluthi moja ya eneo la Tanzania. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao milioni 4.5, na karibu wawili kati ya kila watano walikuwa wageni waliofuata kazi, wengi wao kutoka India, Bangladesh na Pakistan. Nchi imegawanywa katika mikoa 11, mji mkuu ni Muscat, sarafu ni riali yenye baisa 1,000, na mtawala ni Sultani Haitham bin Tariq, aliyeshika madaraka Januari 2020 baada ya kufariki Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967 na bado ni nguzo ya hazina ya serikali.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina la nchi hii si geni, kwa kuwa mtawala wake Sayyid Said alihamishia makao yake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na hadi leo ziko familia zenye ndugu pande zote mbili za bahari, na Kiswahili husikika Muscat na katika baadhi ya miji ya bara miongoni mwa watu ambao wazazi wao walirudi kutoka Unguja na Pemba. Hata hivyo, ujuzi huo huishia pwani. Wasafiri wengi huiona Muscat ya maduka na ofisi, hutembelea Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos na soko la Mutrah, kisha hurudi kwao wakiamini kwamba wameiona Oman, ilhali Oman ya bara, iliyo nyuma ya milima ya Hajar na yapata saa mbili tu kwa gari, ndiyo yenye jambo ambalo halionekani kwa urahisi kwingine.

Milima ya Hajar ni mikavu na mitupu, na kilele chake kikuu, Jebel Shams, kina kimo cha mita zipatazo 3,000. Mvua katika sehemu kubwa ya nchi ni kama milimita 100 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kwa siku chache na kushuka mabondeni kama mafuriko. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45. Mito itiririkayo mwaka mzima haipo, isipokuwa vijito katika mabonde machache. Lakini chini ya milima hiyo iko miji na vijiji, kama Nizwa, Izki, Bahla, Al Hamra na Birkat al-Mouz, vyenye mashamba ya mitende yaliyosongamana, na ndani ya mashamba hayo hupita mifereji ya maji meupe yasiyokoma usiku wala mchana, bila mashine yoyote kuyasukuma.

Mifereji hiyo huitwa falaji. Falaji ni mfumo wa kuyachukua maji mahali yalipo na kuyafikisha kijijini kwa mteremko peke yake, nazo ziko za aina tatu: ile inayopokea maji ya chemchemi, ile inayokinga maji yatiririkayo juu ya bonde, na ile iitwayo daudi, ambayo huyatoa maji chini ya ardhi. Husimuliwa kwamba Nabii Sulaiman bin Daud alipopita Oman aliwaamuru majini wachimbe falaji 10,000 kwa siku kumi, na mtu akiitazama falaji ya daudi haoni ajabu kwamba wazee waliihusisha na nguvu zisizo za binadamu. Ukweli ni wa kustaajabisha zaidi, kwa maana kazi hiyo ilifanywa na watu wenye sururu na vikapu. Mafundi, ambao wengi na mashuhuri zaidi walitoka katika kabila la Awamir, walichimba kwanza kisima mama chini ya mlima hadi kuyafikia maji, kisha wakachimba handaki la kilomita kadhaa kuelekea kijijini, wakilipa mteremko mdogo mno, kwa sababu mteremko ukizidi maji hula kuta na ukipungua mchanga hutuama. Juu ya handaki hilo walitoboa mashimo kwa safu, ya kutolea udongo na kuingizia hewa, na mashimo hayo bado huonekana jangwani yamefuatana hadi upeo wa macho.

Mfereji ulipokutana na bonde la mafuriko, mara nyingi mafundi hawakujenga daraja, maana mafuriko yangelichukua. Waliyatumbukiza maji katika kisima kwenye ukingo wa huku, wakayapitisha chini ya bonde, nayo yakapanda yenyewe katika kisima cha ukingo wa pili, kwa kuwa maji yaliyofungiwa hutafuta usawa wa mahali yalipotoka. Kuta zilipakwa saruji ya kienyeji, inayopatikana kwa kuuchoma udongo na kuusaga, ambayo haipitishi maji.

Uhodari wa uchimbaji, hata hivyo, ni nusu ya habari, na pengine nusu ndogo. Maji yanapochomoza juu ya ardhi hufuata utaratibu ambao hakuna awezaye kuuvunja: mahali pa kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa, na kila mtu ana haki ya kuteka bila malipo, awe mwenyeji au mpita njia, baada ya hapo maji hupita msikitini kwa ajili ya udhu, kisha katika mabafu ya wanaume na ya wanawake yaliyotengwa, na baada ya hapo tu ndipo huingia mashambani. Mitende hutangulia, na mashamba ya msimu ya ngano, vitunguu na majani ya mifugo huwekwa mwisho kabisa, ili mwaka wa ukame ukija mashamba hayo yaachwe bila kulimwa na mitende, ambayo huchukua miaka mingi kukua, isife.

Mashambani maji hayagawanywi kwa ndoo bali kwa muda. Kipimo chake ni athari, ambayo ni kama nusu saa ya maji yote ya falaji, na siku moja ina athari 48. Kila mwenye haki hupata zamu yake mzunguko unapomfikia, baada ya wiki moja, mbili au zaidi kwa kadiri ya desturi ya falaji yenyewe. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha nguzo iliyosimamishwa uwanjani, juu ya alama zilizochorwa ardhini, na usiku ulipimwa kwa nyota, wakulima wakijua kwa majina ni nyota ipi ikichomoza juu ya mlima ndipo zamu ya mmoja inakwisha na ya mwingine inaanza. Siku hizi saa ya mkononi imechukua nafasi hiyo karibu kila mahali, na elimu ya nyota imebaki kwa wazee wa vijiji vichache. Haki ya maji ni mali mbali na shamba: huuzwa, hukodishwa, hurithiwa kwa sheria ya mirathi na huwekwa wakfu kwa msikiti au kwa kuwafuturisha watu Ramadhani. Kwa kuwa mirathi hukata haki vipande vidogo, athari moja imegawanywa tena katika sehemu 24, kila moja isiyofikia dakika moja na nusu, na watu huziheshimu.

Msimamizi wa falaji huitwa wakili, naye husaidiwa na maarifu, wanaotunza zamu, pamoja na mtunza daftari la fedha na dalali. Falaji yenyewe, kama mtu mwenye mali, huwa na zamu zake, ambazo dalali huzinadi, na fedha zinazopatikana hulipia kuzibua handaki na kukarabati kuta. Hapa ndipo mgeni atokaye Afrika Mashariki hana budi kufikiri. Wachagga walichimba mifereji yao, mifongo, kutoka misitu ya Kilimanjaro hadi vihambani, Wamarakwet waliipitisha mifereji kwenye magenge juu ya bonde la Kerio, Wasonjo wana wazee wao wa kugawa maji, na Engaruka yako magofu ya matuta na mifereji ya mawe iliyoachwa yapata karne ya 18. Ufundi huo haukukosekana kwetu. Kilichokosekana ni heshima ya kuuendeleza, kwani mara nyingi miradi ya maji imeletwa vijijini kana kwamba hapakuwahi kuwa na utaratibu, pampu ikafungwa, kamati ikaundwa siku ya uzinduzi, na kifaa kilipoharibika hapakuwa na mfuko wa kukitengeneza, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba chanzo cha maji chenyewe kingeweza kupewa pato lake. Ni aibu kidogo kwamba mwanafunzi hutajiwa Engaruka kwa ajili ya mtihani, kisha akawa mhandisi bila kuwahi kuuliza maji yale yaligawanywaje.

Oman nayo haikusalimika. Visima vya pampu vilivyoenea tangu miaka ya 1970 vimeshusha maji ya ardhini, baadhi ya falaji zimekauka, vijana wamehamia Muscat, na kazi ya shamba sasa hufanywa zaidi na vibarua wa kigeni. Serikali ilijibu kwa kuzuia uchimbaji wa visima karibu na kisima mama na kwa kugharimia ukarabati, na mwaka 2006 Unesco iliziingiza falaji tano katika orodha ya urithi wa dunia: Daris, Al-Khatmeen, Al-Malki, Al-Muyassar na Al-Jeela. Zinazotumika nchini kote zinakadiriwa kuwa 3,000.

Viko vingine vya kuonwa. Ngome ya Nizwa, yenye mnara mpana wa mviringo, ni ya karne ya 17. Ngome ya Bahla iliingia katika orodha ya Unesco mwaka 1987. Jebel Akhdar huzalisha makomamanga na marashi ya waridi. Kusini kabisa ni Dhofar, nchi ya ubani, ambayo kuanzia Juni hadi Septemba hupata manyunyu na kugeuka kijani, na Waarabu wa Ghuba huikimbilia kwa wingi.

Wakati mzuri wa kwenda bara ni Novemba hadi Machi. Mwenye siku moja tu aanzie Birkat al-Mouz, kwenye falaji ya Al-Khatmeen, mahali ambapo maji hugawanywa katika mikondo mitatu iliyo sawa, kisha achague mkondo mmoja na kuufuata kwa miguu katikati ya mitende, akiangalia vizibo vidogo vya mawe na vitambaa ambavyo wakulima huvifungua na kuvifunga kila zamu inapobadilika.