Mtunza ghala na amana asiyoonekana nayo



Itajwapo amana, wengi wetu hukumbuka fedha iliyowekwa kwa jirani au siri tuliyoambiwa faraghani. Ni wachache wamkumbukao mtunza ghala, ilhali wilayani Mwanga riziki ya familia nyingi hupita mikononi mwake.

Tuitazame kahawa ya Usangi na Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini. Mkulima huichuma, huimenya, huiosha na kuianika, kisha huipeleka ingali na ganda lake la ndani kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Hupimwa, akapewa stakabadhi, akarejea nyumbani. Kahawa hubaki ikisubiri safari ya Moshi, kukobolewa na kuuzwa. Muda huo wote mwenye mali hayupo. Yupo mtunza ghala na Mola wake.

Mtihani wake umo katika mambo madogo. Mizani ikipunja nusu kilo kwa kila gunia, magunia 200 yamepoteza kilo 100 za jasho la watu. Kahawa isiyokauka vyema huota ukungu, nayo huvuta harufu ya mafuta ya taa au mbolea iliyo jirani. Kwa hiyo magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, na kila kiingiacho na kitokacho huandikwa katika leja siku hiyo hiyo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliongeza uzito wa amana hiyo, kwani stakabadhi iliyotolewa chini yake huweza kuwa dhamana ya mkopo benki. Lakini karatasi hiyo itafaa nini ikiwa mzigo ulioandikwa haupo?

Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba kusimamia hazina za Misri, alijitambulisha kwa sifa mbili: uhifadhi na ujuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Moja bila ya nyingine haitoshi. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemhesabu mtunza hazina mwaminifu, atoaye kwa ukamilifu na kwa moyo mkunjufu alichoamrishwa, kuwa miongoni mwa watoa sadaka, ingawa mali si yake.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kuwa mzigo abebao mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Gunia la lumbesi humpunja mkulima na humwumiza mgongo mbebaji. Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatwisha watumishi wasiyoyaweza, na ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Wazazi wenzangu, kijana akipata kazi ghalani, mara nyingi jaribu la kwanza huanzia nyumbani: debe moja tu, nani atajua? Tusiwe sisi wa kumtamkia maneno hayo. Tumuulize kama leja yake imelingana na magunia, na mshahara wake, hata ukiwa mdogo, tuupokee kwa shukrani. Chakula cha halali huanzia hapo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunga amana. Amin.