Mbio ndefu: kuna siku miguu inakubali, kuna siku inakataa



Maratoni ni kilomita 42 na mita 195. Sisi watu wa Kisangani tunaweza kuipima hesabu hiyo bila kitabu: ukishika barabara ya Buta kuelekea Bengamisa, maratoni inaisha kabla hujafika. Ni njia ambayo hata kijana wa toleka mwenye mapaja magumu anajiuliza mara mbili kabla ya kukupakia. Lakini wako wanawake wanaokimbia urefu huo kwa muda wa saa mbili na dakika kumi na kitu. Wengi ni majirani zetu, Wakenya na Waethiopia, na kati yao wako wamama wenye watoto.

Siku ya shindano tunawaona kwenye televisheni, na maua na bendera. Kazi yenyewe ilifanyika miezi ya nyuma, alfajiri, bila mtu wa kupiga makofi. Juu ya kazi hiyo ndiyo nataka tuongee leo, kwa sababu ina masomo hata kwa mama ambaye hatakimbia maratoni maisha yake yote.

Mbio ndefu ni nini?

Mkimbiaji wa maratoni anakuwa na siku moja, karibu kila juma, ya kukimbia njia ndefu kuliko siku zingine. Huko Iten, Kenya, kwenye mlima wa mita 2.400 hivi, wanatoka kundi zima kwenye barabara za udongo mwekundu, wanakimbia kilomita 30, hata zaidi. Lengo si kushindana. Ni kufundisha moyo, miguu na tumbo kudumu kazini.

Mwili hapa unafanya kama likelemba. Kila juma unaweka kidogo, na zamu yako inafika siku ya shindano. Mwenye haraka ya kuweka yote mara moja anabaki na goti lenye kuvimba. Kwa hiyo wanaongeza pole pole, na majuma mawili au matatu ya mwisho wanapunguza, ili mwili upumzike.

Pia kuna kile wakimbiaji wanachokiita ukuta. Sukari ambayo mwili umeweka akiba kutoka kwenye chakula inaanza kuisha karibu na kilomita ya 30. Miguu inakuwa kama magogo, kichwa kinasema: kaa chini. Ndiyo maana wanakula vizuri usiku wa kuamkia mbio, na njiani wanakunywa maji yenye sukari na chumvi kidogo.

Kupanda na kushuka

Juma moja unakimbia kama maji ya mto. Juma linalofuata, njia ileile, unashindwa nusu. Anayeanza anafikiri amerudi nyuma. Mara nyingi siyo hivyo. Siku mbaya ina sababu, na mama anazijua: mtoto alilia usiku kucha, jana chakula kilikuwa kidogo, ni siku za mwezi, jua limepanda, au ulianza mbio kwa kasi ya bure. Hapa kwetu ongeza hewa nzito ya unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, na mwili haupoi vizuri. Tafuta sababu, iandike kwenye daftari, halafu endelea na juma linalofuata.

Lakini tutofautishe uchovu na ugonjwa. Uchovu unaisha kwa usingizi. Maumivu yanayokaa mahali pamoja na kuzidi kila siku yanataka kupumzika. Mwenye homa hakimbii. Anaenda kupima malaria. Na mama anayechoka juma baada ya juma, anayehema akipanda ngazi tu, apimishe damu, kwa sababu malaria na hedhi nzito zinapunguza damu. Sombe, maharage na samaki vinasaidia, lakini havichukui nafasi ya muuguzi.

Wanawake wawili wa kutufundisha

Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 upande wa West Pokot, Kenya, katika familia yenye watoto wengi. Alikuwa anakimbia karibu kilomita 10 kwenda shuleni. Baba yake hakutaka awe mkimbiaji. Mwaka 1994 alishinda maratoni ya New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Baadaye alivunja rekodi ya dunia mara mbili. Lakini kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, chakula kilimharibu tumbo usiku wa kuamkia shindano, na akamaliza wa 13. Alimaliza, na hilo halikufuta kazi yake yote.

Peres Jepchirchir ni mama. Baada ya kuzaa mwaka 2017 alikaa nje ya mashindano, kisha akaanza tena pole pole. Mwaka 2021 alishinda maratoni ya Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa Sapporo, na miezi mitatu baadaye akashinda New York. Mwaka 2022 akaongeza Boston, na Aprili 2024 London. Wote walingoja ashinde tena Paris mwaka huohuo wa 2024. Alifika wa 15. Septemba 2025, huko Tokyo, akawa bingwa wa dunia, akimtangulia mwenzake kwa sekunde mbili tu. Angehesabu siku ya Paris kuwa mwisho, Tokyo isingekuwepo.

Tukumbuke pia: wanaume walianza kukimbia maratoni ya Olimpiki mwaka 1896. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1984 tu. Kwa miaka mingi watu walisema mwili wa mwanamke hauwezi. Wamama hao wamejibu kwa miguu.

Na sisi hapa Kisangani?

Hatuhitaji kilomita 42. Shirika la afya duniani, OMS, linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea haraka au kazi inayofanana nayo kila juma. Mama anayebeba mzigo sokoni tayari anafanya sehemu yake. Kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kufanya hivi:

- Siku tatu kwa juma, kabla jua halijapanda. Siku ya posho ndiyo ya njia ndefu.
- Anza na dakika 30: tembea dakika nne, kimbia moja, rudia. Ukiweza kuongea na mwenzako, kasi ni nzuri.
- Kila juma ongeza dakika tano kwenye njia ndefu. Juma la nne, punguza.
- Msitoke peke yenu. Tembeeni mkiwa wengi, upande ambao mnaona pikipiki zikija.
- Aliyezaa karibuni, au mwenye ugonjwa wa moyo au tansiyo, aulize kwanza kituo cha afya.

Neno langu la mwisho ni la mwalimu. Saa ambayo mama anatoka, kuna mtu anashika nyumba. Mara nyingi ni binti mkubwa: anawasha moto, anaogesha wadogo, halafu anafika kalasini kengele imeshalia. Saa ya mama isilipwe na masomo ya binti. Baba anaweza kuchemsha chai. Wamama wa kikundi wanaweza kupokezana watoto, leo kwako, kesho kwangu, kama tunavyopokezana franga za likelemba.

Na binti akisema anataka kukimbia pamoja nanyi siku ya posho, mpeni nafasi. Siku miguu yake itakapokataa, mwambieni kwamba hiyo nayo ni sehemu ya mazoezi.