Betri ya Moyo: Majibu kwa Maswali Matatu ya Familia Zetu



Katika makala hii tunapenda kueleza jambo linalozidi kusikika katika familia zetu: mgonjwa anaambiwa na daktari kwamba moyo wake unahitaji kuwekewa kifaa, kile ambacho wengi wanakiita betri ya moyo. Habari kama hiyo ikifika Mkumbi, au kijiji kingine cha Umatengo, huweza kuzua maswali matatu. Je, moyo huo utabaki kuwa wake? Je, si kuingilia kazi ya Mungu? Na akishawekewa, amepona? Maswali haya ni ya haki na yanahitaji majibu mapema, kwa sababu ugonjwa wa moyo haumsubiri mtu anayesitasita.

Tuanze na moyo wenyewe. Ni msuli wenye ukubwa wa ngumi. Mtu mzima akiwa ametulia, kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, yaani karibu mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka sehemu ya juu ya moyo na kushuka chini. Umeme huo ukichelewa au ukikatika njiani, mapigo hupungua. Mtu husikia kizunguzungu, huchoka kwa kazi ndogo, pengine huzimia. Wengine hudhani ni kifafa au amerogwa, kumbe ni moyo unaopiga polepole mno.

Hapo ndipo betri inapohitajika. Ni kifaa kidogo kama saa ya mkononi isiyo na mkanda. Huwekwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega, na waya mmoja au miwili hupitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Kwa kawaida kifua hakipasuliwi, na mara nyingi ganzi ya mahali hutosha. Baada ya miaka 8 hadi 12 hivi, kifaa hubadilishwa.

Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha namna hii ndani ya mwili ni Arne Larsson wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa chake cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Hata hivyo aliendelea kubadilishiwa vingine, zaidi ya 20, akaishi hadi mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Aliuawa na saratani, si na moyo.

Vipo vifaa vingine. Kuna kinachotoa mshtuko wa umeme pale moyo unapokwenda mbio ovyo kwa namna ya kuua. Cha kwanza kiliwekwa Baltimore, Marekani, mwaka 1980. Kuna chenye waya tatu, kwa moyo uliotanuka ambao pande zake hazipigi kwa pamoja. Mshipa wa moyo ulioziba huweza kuzibuliwa na kuwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha wavu wa chuma. Milango ya moyo iliyoharibika, pengine kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, huweza kubadilishwa kwa milango ya bandia. Zamani wagonjwa wengi wa aina hizi walipelekwa India. Tangu ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, mwaka 2015, matibabu mengi hufanyika hapa hapa nchini.

Sasa turudi kwenye maswali yetu.

La kwanza: moyo utabaki kuwa wake? Ndiyo. Betri nyingi huwekwa kwa namna ya kusubiri. Moyo ukipiga wenyewe kwa wakati, kifaa hunyamaza; ukichelewa, ndipo husukuma. Hakimzuii mtu kufa, kwa maana msuli uliokufa hauitikii tena umeme.

La pili: ni kuingilia kazi ya Mungu? Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye aliandika hata kijitabu juu ya mwendo wa moyo, anafundisha katika Summa Theologiae kwamba chanzo kikuu cha uponyaji kimo ndani ya maumbile ya mgonjwa mwenyewe. Daktari ni msaidizi anayeyaimarisha. Kifaa kinachosubiri moyo uchelewe ndipo kiusaidie kinafuata mpangilio huo huo. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza tumheshimu tabibu na tusidharau dawa, kwa kuwa zatoka kwa Mungu. Kwa upande mwingine, Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba hatulazimiki kutumia njia zisizo za kawaida zenye mzigo mkubwa kupita kiasi. Basi mwenye kifaa cha mshtuko, ugonjwa ukifika ukingoni, azungumze mapema na daktari wake na padri wake.

La tatu: amepona? Hapana, amesaidiwa. Betri haishushi shinikizo la damu, wala stenti haizuii mshipa mwingine kuziba. Sehemu inayobaki ni ya mgonjwa na jamaa zake.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika chakula. Samaki waliokaushwa kwa chumvi walowekwe, maji yamwagwe, kabla ya kupikwa. Sigara iachwe kabisa. Pombe ni adui wa moyo uliochoka, hata ikiwa ya kienyeji. Dawa za shinikizo zinywewe kila siku, hata mtu akijisikia mzima. Mwenye moyo ulioshindwa kazi ajipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, maji yanajaa mwilini, arudi hospitali.

Aliyewekewa betri asiinue mkono wa upande huo juu ya bega wala kubeba mzigo mzito kwa wiki kadhaa, kama daktari atakavyomwelekeza. Kwetu maana yake ni hii: asilime ngolo, asibebe kuni wala gunia la kahawa, wengine wambebee. Simu asiiweke mfuko wa shati, na akae mbali na mashine ya kuchomelea vyuma. Baadaye kutembea ni kuzuri, kwa kipimo cha daktari. Sisi waseminari tunaokaa darasani tujihimu pia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Tusipuuze dalili: kukosa pumzi ukilala chali, miguu kuvimba, kuzimia, maumivu ya kifua yanayobana. Mama aliyejifungua karibuni akiwa na dalili hizo asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Aende kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka huko apewe rufaa. Tunazo Litembo na Peramiho kabla ya kufikiria Dar es Salaam.

Safari ya Dar ni takribani kilomita 1,000, na mwenye kifaa hurudi kliniki mara kwa mara. Mzigo huo huwashinda wengi kuliko hata hofu ya upasuaji. Hapa jumuiya zetu ndogondogo zina kazi: kuchangia nauli, kuhimiza bima ya afya kabla ya ugonjwa, kupalilia shamba la jirani aliyelazwa. Na tumwite padri mapema. Mpako wa Wagonjwa si wa kufia tu. Anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa mzito anaweza kuupokea kabla ya safari.

Mungu awabariki, na awajalie wagonjwa wetu nguvu na watu wa kuwasindikiza.