Tunawaacha Wana Wetu Mikononi mwa Nani?

Kila alfajiri mjini Voi, baada ya Swala, yupo mama anayekaza leso mgongoni na kumpeleka mwanawe kwa mlezi, kisha yeye akashika njia ya sokoni, hotelini au shamba la mkonge. Hatumlaumu, kutafuta riziki ya halali ni ibada. Lakini yatupasa kujiuliza: saa zote hizo, mtoto anapata nini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3. Chekechea ya serikali humpokea mtoto akitimu miaka 4. Baina ya hapo pana pengo, na ndani ya pengo hilo ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno.

Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1991, ukafuatilia watoto zaidi ya 1,300, ulionyesha kuwa waliopata mlezi mpole, mwenye kuwasemesha, walitangulia kidogo katika lugha na fikra. Waliokaa vituoni saa nyingi mno walielekea kuwa na ukaidi zaidi. Hata hivyo, malezi ya nyumbani yalikuwa na uzito kuliko yote.

Hapa Pwani tunao mfano wetu. Miaka ya 1980, mjini Mombasa, Bi. Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Akina mama wa mitaani walifunzwa ualimu, na watoto wakajifunza kwa vitu vya mazingira yao. Ubora, basi, hauko katika jengo la fahari, bali katika mlezi aliyefunzwa.

Kwa hiyo, wazazi wa Voi, Mwatate na Taveta, tuulize kabla ya kumwacha mtoto: mlezi mmoja ana watoto wangapi? Huwasemesha, au huwaweka mbele ya televisheni? Hulala wapi? Tena tumlipe vyema. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, huwaelekeza wazazi kushauriana, na anayenyonyeshewa mwanawe kutoa ujira kwa wema.

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti vituo vya kulelea watoto. Tuidai haki hiyo. Na jioni tukirejea, simu tuziweke kando, tumpakate mtoto, tuzungumze naye. Mwana ni amana, na amana huulizwa.