Kabla ya kuamini kipimo, ipime darubini

KIGALI ni mji wa milima. Ukisimama Nyabugogo kwenye kituo cha mabasi na kuinua macho, unaziona nyumba zimepangana kama ngazi kuelekea juu.

Katika mji wa namna hii, barabara, ukuta wa kuzuia udongo na mtaro wa maji ya mvua huanza na mtu aliyeinama nyuma ya darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu. Huyo ni mpimaji. Atakachokisoma ndicho fundi atakachokichimba, na mara nyingine ndicho jirani atakachokipinga.

Lakini ni wangapi kati yetu huuliza swali hili dogo: na darubini yenyewe, nani ameipima?

Swali hilo si la mzaha katika nchi hii. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 nchini Rwanda, zaidi ya 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Pahala penye msongamano kama huo, hatua moja ya ardhi ni mali. Ndiyo maana migogoro ya ardhi na mipaka ni miongoni mwa kesi zinazowafikia mara kwa mara abunzi, wapatanishi wa kijamii.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 Serikali iliendesha kazi kubwa ya kusajili ardhi nchi nzima, na zaidi ya viwanja milioni 10 vikaandikishwa. Mipaka mingi haikupimwa kwa darubini. Ilichorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, huku wenyeji na majirani wakionyesha kwa mikono yao mpaka ulipo. Njia hiyo ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu. Lakini mtu anapotaka kujenga leo, mstari wa kwenye picha lazima ugeuzwe kuwa kigingi ardhini, na hapo ndipo ubora wa chombo cha mpimaji unapoanza kuonekana.

Darubini ya mpimaji ni ndugu wa darubini ya bunduki. Zote mbili zina mistari ya msalaba ndani ya kioo, na zote hurekebishwa kwa skrubu ndogo. Kosa lisiloonekana kwa jicho huwa kubwa mbele ya safari. Nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Kosa la sekunde 20 tu hukupotosha sentimita moja kwa umbali wa meta 100.

Walenga shabaha wana jaribio lao maarufu. Hufyatua risasi, kisha huzungusha kitufe cha darubini mara kadhaa kwenda kulia, kisha juu, kisha kushoto, halafu chini, wakifyatua katika kila kona mpaka wachore mraba kwenye karatasi. Risasi ya mwisho ikiangukia tundu la kwanza, hufurahi kwamba darubini imerudi ilikoanzia.

Hata hivyo, furaha hiyo ni nusu tu. Tuseme kila mlio wa kitufe unatakiwa kusogeza shabaha milimita 10 kwa umbali wa meta 100, lakini kwa kweli unasogeza milimita tisa. Mraba utafungika vilevile, ila utakuwa mdogo. Darubini imerudi nyumbani salama, lakini imedanganya njia nzima. Kwa hiyo mlengaji makini huongeza jaribio la pili. Hubandika karatasi ndefu yenye mstari wima uliopimwa kwa futi kamba, huzungusha kitufe mara nyingi kwenda juu, kisha hulinganisha alichoahidiwa na alichopata.

Mpimaji wa Kigali yumo katika mtego huohuo. Anapopandisha vipimo vya kimo kutoka bondeni hadi mlimani, desturi ni kurudi mpaka alama ya kuanzia na kuona kama hesabu inafunga. Ikifunga, wengi hukunja vyombo na kwenda zao.

Tatizo ni mteremko. Mpimaji anayepanda mlima huweza kusoma ubao wa vipimo ulio mbali zaidi upande wa chini, kwa sababu ubao ni mrefu kuliko miguu ya chombo. Upande wa juu hulazimika kuuweka karibu, la sivyo darubini itatazama udongo. Tuseme chini ni meta 25 na juu ni meta 15, na chombo kina kosa la milimita moja kwa kila meta 10. Kila kituo kitaongeza kosa la milimita moja, upande uleule. Kituo kimoja hupandisha kama meta nne, hivyo mlima wa meta 120 huhitaji vituo 30, na kosa hufika sentimita tatu. Akishuka kwa njia ileile na kwa umbali uleule, kosa hujirudi kinyume na kujifuta. Hesabu inafunga vizuri kabisa, na kimo cha juu bado ni cha uongo.

Dawa yake ni ya kale na haihitaji fedha nyingi. Pigilia vigingi viwili, A na B, umbali wa meta 60. Simika chombo katikati kabisa. Tuseme unasoma 1.462 kwenye A na 1.238 kwenye B. Tofauti ni milimita 224, nayo ni ya kweli hata kama chombo ni kibovu, kwa kuwa kosa ni sawa pande zote mbili.

Sasa hamisha chombo nyuma kidogo ya A, kwenye mstari uleule. Ukisoma 1.385 kwenye A, basi B inapaswa kuwa 1.161. Ukikuta 1.167, umemkamata mwongo: milimita sita kwa meta 60. Fundi hulegeza na kukaza skrubu za msalaba mpaka kisomeke kile kinachotakiwa, halafu hurudia jaribio lote tangu mwanzo.

Kurudia ndiko kiini cha jambo. Chombo kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku kinaweza kurekebishwa. Kinachosema hivi asubuhi na vile mchana hakina msaada. Gonga taratibu mguu mmoja wa chombo kisha usome tena. Mstari ukikataa kurudi pale ulipokuwa, kipeleke kwa mtengenezaji.

Vipokezi vya setilaiti vya siku hizi navyo havijasamehewa. Kiweke juu ya alama ambayo nafasi yake inajulikana, asubuhi na jioni, uone kama kinakupa jibu moja.

Kwa mwananchi anayemlipa mpimaji, maswali ni matatu. Chombo hiki kilijaribiwa lini? Ulianzia alama gani inayojulikana? Na ulipomaliza, ulihakiki kwa njia nyingine, au ulirudi kwa njia ileile tu? Mpimaji mzuri hatachukia kuulizwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika milima ya Kigali ukuta wenyewe hugharimu fedha nyingi, na ukijengwa upande wa jirani utabomolewa. Dakika chache za vigingi viwili ni nafuu kuliko mwaka mzima mbele ya abunzi.