Programu ya Hesabu Inataka Windows, Nasi Tuna Linux: Tufanyeje?



Kama kompyuta yenu ni ya zamani, bila shaka mmekwisha kuiona shida hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Ndipo fundi anawaambia, "Wekeni Linux, ni bure." Anasema kweli. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa huko Finland, hailipiwi, na zipo aina zake nyepesi zinazofaa mashine kuukuu.

Lakini mweka hazina ana programu yake ya hesabu. Michango, mikopo, faini za kuchelewa, yote imo humo, na hiyo programu inajua Windows peke yake. Mkimwambia aandike yote upya, atajiuzulu siku hiyo hiyo!

Kabla fundi hajagusa kitu, toeni nakala ya hesabu zote na muitie kwenye kompyuta nyingine muone kama inafunguka. Tafuteni pia ile diski au faili ya kuwekea programu yenyewe. Kuweka Linux mara nyingi hufuta kila kitu kilichokuwamo, na kilichofutwa hivyo ni vigumu sana kukirudisha.

Linux ikishaingia, jaribuni kwanza kitu kinachoitwa Wine. Msishtuke, hakuna divai hapa, ni jina tu. Wine huifanya programu ya Windows ifanye kazi ndani ya Linux bila Windows yenyewe kuwepo. Programu ndogo za zamani mara nyingi hukubali. Ikikubali, kazi imekwisha.

Ikikataa, ndipo mnahitaji mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Mnaweka programu kama VirtualBox, ambayo ni ya bure, nayo inafungua dirisha ambalo ndani yake Windows nzima inawaka, ikidhani ina kompyuta yake. Linux ni mwenyeji, Windows ni mgeni aliyepewa chumba. Mweka hazina anafungua hilo dirisha, anafanya hesabu zake kama zamani, halafu analifunga.

Sasa, mgeni anakula. Kumbukumbu ya kazi, ile RAM, inagawanywa kati yao wawili. Mashine yenye gigabaiti 8 inaweza kumpa mgeni 4 na wote wakashiba. Yenye 4 tu itakwama mkiweka Windows 10 humo. Na kama Windows inagoma kabisa kuwaka, mwambieni fundi aingie kwenye mipangilio inayofunguka mashine inapowashwa, awashe sehemu iitwayo VT-x kwa prosesa za Intel au AMD-V kwa zile za AMD. Mara nyingi huwa imezimwa, na watu wanafikiri kompyuta ni mbovu.

Jambo la leseni lisiwapite. Linux ni bure, VirtualBox ni bure, lakini Windows iliyo ndani bado inataka leseni. Ile iliyokuja na kompyuta kwa kawaida imefungwa kwa mashine hiyo hiyo, hivyo msidhani inahamia tu.

Windows ya zamani haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama. Kwa sababu hiyo ikateni intaneti: kwenye mipangilio ya VirtualBox, zimeni kadi ya mtandao ya mgeni. Hesabu hazihitaji intaneti. Barua pepe na mambo mengine fanyeni upande wa Linux, na faili zipitisheni kwa folda ya pamoja.

VirtualBox pia inaweza kupiga picha ya hali ya mgeni, ili mambo yakiharibika mrudi nyuma. Ni nzuri, lakini hapa watu huumia. Mkipiga picha tarehe 1 na kuirudia tarehe 20, michango yote iliyoandikwa katikati imepotea. Picha hiyo pia inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vyote vimekwenda. Kwa hivyo baada ya kila mkutano nakilini faili ya hesabu kwenye flashi, na hiyo flashi ikae kwa mwenyekiti, si kwa mweka hazina.

Mara moja kwa mwezi nakilini folda nzima ya mashine pepe kwenye diski ya nje, mgeni akiwa amezimwa kabisa. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika gigabaiti 4, na faili ya Windows huzidi hapo kwa mbali. Fundi aipange upya hiyo diski kwanza ikiwa tupu, maana kuipanga nako hufuta yaliyomo.