Chakula cha kwetu Buha: mawese, maharage na zaka ya mazao

Sahani ya kawaida huku Buha, iwe Kasulu au Kibondo, ina ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese na, siku ya neema, dagaa au mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Tunakiita chakula cha asili. Lakini muhogo, mahindi na maharage vyote vilitoka Amerika, vikaingia Afrika kupitia Wareno kuanzia karne ya 16. Kabla yake wazee wetu walitegemea ulezi na mtama. Kwa hiyo tunaposema chakula cha kwetu hatuulizi mmea ulizaliwa wapi. Tunauliza ni nani aliyelima, na fedha tuliyolipa inabaki mkononi mwa nani.

Mchikichi unatufundisha zaidi. Tumezoea kusikia kwamba Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma wakatajirika. Ni simulizi tamu, ila sivyo ilivyokuwa. Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi, na kilimo chake huko Asia kilianzia kwenye miche 4 iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Leo Indonesia na Malaysia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Mafuta hayo husafishwa mpaka yanapoteza wekundu wake, na wekundu huo ndio unaoupa mwili vitamini A. Kisha yanafika madukani kwetu, mwendo wa saa chache tu kutoka michikichi ya mwambao wa ziwa.

Wengine husema wakulima wetu ni wavivu. Si kweli. Michikichi yetu mingi ni ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Ya kwao ni tenera, chotara yenye nyama nyingi. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera. Lakini mchikichi hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na ada ya mtoto haisubiri.

Hatuhubiri kufunga milango. Hata altareni hatuwezi: kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa inadai mkate wa ngano tupu, na sehemu kubwa ya ngano inayotumika Tanzania huagizwa nje. Mkulima wa Kasulu naye anaishi kwa kuuza maharage Dar es Salaam. Soko la mbali si adui yake. Kinachomuumiza ni wakati na kipimo.

Wakati wa mavuno kila mtu anauza, na bei inaanguka. Dalali anafika na gunia la lumbesa, lile lenye kilemba kilichoshonewa juu, ambalo hulipwa kama gunia moja. Miezi michache baadaye kaya ileile inanunua mahindi dukani kwa bei ya juu. Mbona haikuhifadhi? Kwanza inahitaji fedha. Pili kuna dumuzi, ambaye wengi humwita Scania, mdudu wa Amerika ya Kati aliyeingia nchini kupitia Tabora na kuenea kuanzia miaka ya 1980. Hutafuna mahindi na muhogo mkavu mpaka ghalani unabaki unga wa vumbi. Huyu naye ni utandawazi.

Mnunuzi mkubwa aliye karibu anaweza kubadili hali hii. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wakimbizi waliwahi kupewa fedha badala ya sehemu ya mgawo wa chakula, wakanunua wenyewe sokoni. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2017. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali. Wa kwetu upo ndani ya uzio wetu wenyewe.

Waamini huleta zaka ya mazao na malimbuko: debe la maharage, mahindi, ndizi. Mara nyingi parokia huyauza palepale, bei ikiwa chini, kwa dalali yuleyule. Baadaye seminari na shule zetu hununua maharage kwa bei ya kiangazi. Tumeshindwa kuuziana sisi kwa sisi! Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika namba 129 ya Laudato Si' (2015), anakumbusha kwamba wakulima wadogo ndio wanaolisha sehemu kubwa ya watu duniani, na kwamba uchumi wa uzalishaji mkubwa huwalazimisha kuuza ardhi au kuacha mazao yao ya jadi. Seminari yenye stoo na mizani ni soko pia.

Kazi yenyewe si ngumu. Paroko na mtunza stoo wakubaliane bei kabla ya mavuno. Mazao yapimwe kwa mizani, si kwa debe wala lumbesa. Nafaka ikaushwe vizuri, kisha iingie katika mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa. Dumuzi hufa humo bila dawa. Mifuko hiyo ni ghali kuliko ya kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja isipotoboka. Tuanze na maharage, maana ndiyo tunayokula karibu kila siku.